Je, 560SEL ni adimu kweli? Jibu kwa msomaji wa Mombasa

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Mombasa na nimeweka akiba ninunue Mercedes ya zamani, ile S-Class ya miaka ya themanini. Nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza ni 280SE ya 1984, ya mzee aliyeinunua ikiwa mpya, na vitabu vyake vyote vipo. Ya pili ni 500SEL ya 1983, injini nzuri lakini chini ina kutu. Ya tatu ni 560SEL ya 1988, na dalali anataka karibu mara tatu ya bei ya ile 280. Anasema 560 zilitengenezwa chache mno duniani na kila mwaka zinapanda. Ni kweli? Toleo lipi hasa ni adimu, na lipi linatafutwa?"

Marahaba, kijana wangu. Nianze na dai la dalali, kwa sababu hilo lina jibu la hesabu. 560SEL hazikutengenezwa chache. Mercedes ilitoa karibu 75,000 za toleo hilo tangu 1985 hadi familia hiyo ya S-Class za miaka ya themanini ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kati ya V8 zote (zenye injini ya silinda nane) za milango minne za familia hiyo hakuna iliyoizidi kwa wingi. 420SEL inaifuata kwa takriban 74,000, na 500SEL kwa takriban 72,700. Sasa itazame 280SEL, yenye bodi ndefu na injini ya silinda sita. Hiyo ilizidi 20,000 kwa mamia machache tu. Kwa idadi tupu, 280SEL ni adimu kuliko 560SEL zaidi ya mara tatu. Lakini ulizia bei Uingereza, Ujerumani au Afrika Kusini, utakuta 560 iko juu, tena kwa mbali.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapowapoteza wanunuzi. Wanakutajia uchache, kisha wanakuacha mwenyewe uufasiri kuwa thamani. Bei ya gari la zamani inatoka kwingine: ni watu wangapi wanalitaka, wakigawanywa kwa magari mangapi yaliyobaki yakiwa mazima. Idadi ya kiwandani ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo, na katika Mercedes za miaka ya themanini ni sehemu ndogo mno. Nitakueleza kwa mifano, maana ukishaielewa familia hii utaweza kupima sedani yoyote ya kifahari utakayoletewa.

W126 ndilo jina la kiwandani la gari unalolitafuta. Lilionyeshwa Frankfurt mwaka 1979, umbo lake likiwa limesimamiwa na Bruno Sacco, na sedani zake zilizotoka zinazidi 818,000. Hakuna S-Class iliyouzwa zaidi, kabla yake wala baada yake. Zipo za awamu mbili: za kwanza hadi 1985, ambazo utazijua kwa plastiki za ubavuni zenye mistari, na za pili zenye plastiki laini, magurudumu ya inchi 15 na injini mpya. Herufi za nyuma ya buti husomwa hivi: E ni injini inayopuliziwa petroli kwa nozo badala ya kabureta, L ni bodi ndefu, D ni dizeli. Bodi ndefu inazidi fupi kwa sentimita 14, na zote zimekwenda kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Tarakimu ni ukubwa wa injini, ingawa baadhi zinapishana kidogo na ukubwa halisi.

Ukipanga matoleo haya kwa uchache utashangaa yanayokaa juu. Adimu kuliko yote ni 560SE: injini kubwa ya lita 5.6 ndani ya bodi fupi. Iliingia sokoni mwaka 1988 na zilitoka takriban 1,250 tu. Zinazofuata ni dizeli mbili za mwisho mwisho, 350SD na 350SDL, zilizouzwa Amerika Kaskazini peke yake. Ya kwanza ilitoka takriban 2,000, ya pili takriban 2,900.

Sasa linganisha hizo zilizo juu kabisa kwa uchache. 560SE inatafutwa na watu wanaojua wanachokitafuta, na ikijitokeza nzima huko Ulaya haikai sokoni. 350SD inakwepwa. Injini yake ya dizeli ya silinda sita ilipanuliwa kutoka lita 3.0 hadi 3.5, na konrodi zake, vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, zikapata sifa ya kupinda. Gari linaanza kunywa oili, silinda inalika kwa upande, na mwisho wake ni kufungua injini nzima. Uchache wa magari haya mawili unakaribiana, lakini moja linakimbiliwa na jingine linakimbiwa. Mtu akikuambia tu "zilitoka elfu mbili duniani" bila kukueleza zilikuwa na nini ndani, hajakuambia jambo la kukusaidia.

Kwa nini basi injini kubwa zinatamaniwa hata zikiwa nyingi? Sababu ya kwanza ni kwamba toleo la juu ndilo watu waliloliona wakiwa wadogo. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1988 leo ana kipato, na gari analolikumbuka ni lile lililoshusha waziri au tajiri wa mji. Huku kwetu mpaka tabaka zima la wakubwa likaitwa wabenzi. Sababu ya pili ni ufundi wenyewe. V8 za W126 zina bloku ya alumini, na ile 5.6 bila kichujio cha moshi cha katalisti ilifikia nguvu za farasi 300, wakati 280SE ilitoa 185. Sababu ya tatu ni vikorombwezo. Mnunuzi wa 560SEL alipewa vitu ambavyo mnunuzi wa 280 alivilipia kimoja kimoja: siti za nyuma za umeme, sespensheni ya nyuma inayojisawazisha, ngozi halisi, kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe.

Ladha pia inabadilika, na hili wauzaji wa huku hawalizingatii. Zamani L ndiyo iliyokuwa fahari, kwa sababu mwenye gari alikaa nyuma. Leo mwenye gari la zamani ndiye anayeliendesha. Ndiyo maana Ulaya bodi fupi zenye injini kubwa zimepanda heshima: 500SE, ambayo ilitoka takriban 33,400, na hiyo 560SE. Mimi binafsi nikipewa 500SE na 500SEL za hali moja ninachukua fupi bila kufikiri mara mbili. Inageuka vizuri zaidi, haina uzito wa ziada, na umbo la Sacco linaonekana lilivyokusudiwa.

Na usidhani kwamba giaboksi ya mkono inaongeza thamani hapa kama inavyofanya kwenye magari ya mbio. V8 za W126 zote zilikuja na otomatiki. 280SE na 300SE za giaboksi ya mkono zipo, ni chache kiasi, na wapenzi wake ni wachache vilevile.

Familia zilizotangulia zinaonyesha upande mwingine wa jambo hili, yaani uchache ulioambatana na hamu ya kweli. Mwaka 1968 Mercedes ilitoa 300SEL 6.3. Ilizaliwa kwa sababu mhandisi Erich Waxenberger alichukua injini ya lita 6.3 ya ile 600 kubwa ya marais na kuiweka kwenye sedani ya kawaida ya kifahari. Zilitoka 6,526. Iliyofuata, 450SEL 6.9 ya 1975, ilitoka 7,380 kati ya W116, familia iliyoitangulia W126, zaidi ya 473,000. Kwa nje mtu asiyejua anaiona W116 ya kawaida. Kumbe chini haina springi za chuma, inabebwa na mafuta ya haidroliki na gesi, na injini yake ina tangi la oili la pembeni kama gari la mashindano. Haya yanatamaniwa kwa sababu uchache wake una sababu: yalikuwa ghali kuyatengeneza, ghali kuyanunua, na hapakuwa na la kuyalinganisha nalo wakati ule. Huyo Waxenberger ndiye aliyekuja baadaye kuongoza timu ya Mercedes katika Safari Rally, na mwaka 1979 Hannu Mikkola akamaliza wa pili kwenye barabara zetu na 450SLC 5.0. Wazee wa Kenya waliosimama kando ya njia siku zile bado wanaikumbuka sauti yake.

Mfano ninaoupenda zaidi haumo Mercedes kabisa. BMW 745i ya miaka ya themanini ilikuwa na injini ya silinda sita yenye tabo (turbo). Tabo ile ilikaa upande ambao kwenye gari la usukani wa kulia unapita mhimili wa usukani, kwa hiyo haikuwezekana kuuzwa Afrika Kusini. BMW ya huko, kwenye kiwanda cha Rosslyn, ikachukua injini ya lita 3.5 yenye asili yake kwenye gari la michezo la M1 na kuiweka humo. Yalitoka magari 209 tu, yote ya usukani wa kulia, yote ya Afrika. Hapo una uchache, una injini yenye nasaba, na una kisa ambacho hakuna nchi nyingine inayoweza kukidai. Gari la namna hiyo mtu anaweza kulipia mara tatu ya ndugu yake naye akawa na haki. Dalali wako anaitaka bei ya kisa kama hicho kwa gari lililotoka 75,000.

Sasa turudi pwani, kwa sababu hesabu ya dunia siyo hesabu ya Mombasa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, wala gari la kawaida lenye usukani wa kushoto. Maana yake W126 zilizopo ndizo zilizopo. Hakuna meli itakayoleta nyingine. Zile zilizouzwa hapa zikiwa mpya, na zile zilizoingia kama mitumba kutoka Uingereza na kwingineko kabla hazijazeeka, zimekuwa zikipungua kila mwaka. Kwa hiyo dalali ana kipande kimoja cha ukweli ambacho hakukitaja: 560SEL ya usukani wa kulia iliyosajiliwa Kenya, ikiwa nzima na ya asili, ni adimu hapa. Huko nje 560SEL nyingi ziliuzwa Marekani, na hizo zote ni za kushoto. Hata Japani, ambako magari mengi yetu hutoka, wanunuzi wengi wa Mercedes enzi zile walipenda kuagiza usukani wa kushoto kwa fahari.

Lakini uadimu huo wa hapa una makali mawili. Soko la kuuza tena nalo ni dogo. Anayeweza kukupa bei ya maana kwa 560 hapa Kenya ni mtu anayeijua, na mtu anayeijua ataiinamia kwa tochi saa nzima. Ndiyo hali ya watu wanaopeleka magari yao kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, shindano la magari yaliyotunzwa, ambako majaji wanatazama hadi chini ya gari na ndani ya boneti. Hawatakununulia beji ya nyuma. Watauliza namba ya chesi.

Na hapo ndipo nataka uanzie wewe pia. Mwombe dalali picha ya namba ya chesi kabla hujapanda gari kwenda kuiona. Gari la Ujerumani la enzi hizo huanza na WDB, na tarakimu sita zinazofuata ndizo toleo halisi lililotoka kiwandani. 560SEL lazima isome 126039. Ikisoma 126037 ni 500SEL, 126035 ni 420SEL, 126025 ni 300SEL. Ile 280SE ya mzee inatakiwa isome 126022. Tarakimu inayofuata hizo sita ni upande wa usukani: 1 kushoto, 2 kulia. Ukiona 1 kwenye gari lenye usukani wa kulia, jua limegeuzwa gereji, na liache hapo hapo lilipo hata likiwa linang'aa. Ikianza na ADB badala ya WDB, ni la kiwanda cha Afrika Kusini, na hilo halina aibu yoyote, nitalirudia.

Nasisitiza hili kwa sababu beji ya "560SEL" inanunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana na kubandikwa kwa gundi. Ndivyo ilivyo hata kwa alama za AMG. Kampuni ya AMG ya Affalterbach ilikuwa bado inajitegemea miaka ile na ilitengeneza W126 chache zenye injini za ajabu, zikafuatwa na nyingi zilizovalishwa bampa na rimu tu. Linganisha namba iliyogongwa kwenye bodi, ile ya kwenye kibati, na ile ya kwenye logibuku. Zote zisome kitu kimoja.

Kuna kibati kingine kidogo kwenye fremu ya mbele, juu ya rejeta, chenye namba ya rangi ya asili na namba za vikorombwezo vilivyoagizwa. Watu wengi hawakitazami. Kwa mpenzi wa magari haya kina thamani kubwa, kwa sababu kinamwambia kama rangi unayoiona ndiyo iliyotoka nayo, na kama siti za ngozi zilikuwemo au zimeshonwa baadaye. Gari lenye rangi yake ya kwanza, hata kama ni kahawia au kijani ambayo jirani atakucheka, leo linapendwa kuliko lililopakwa nyeusi ili lifanane na la waziri.

Ikiwa 560 hiyo ni 126039 kweli, ina usukani wa kulia kutoka kiwandani na makaratasi yanasomana, basi bado kuna injini ya kuipima. Cheni ya taimingi ya V8 hizi ni imara, lakini inapita juu ya vipande vya plastiki ambavyo kwa joto na miaka vinakuwa kama biskuti. Kipande kikivunjika, kinaingia kwenye cheni, cheni inaruka, na valvu zinagongana na pistoni. Gari linaweza kuwa linanguruma vizuri asubuhi na jioni likawa chuma chakavu. Muulize muuzaji risiti ya kubadilisha cheni na vipande hivyo. Akikuambia "cheni ya Benzi haibadilishwi", punguza kwenye bei gharama yote ya kazi hiyo, na uifanye wiki ya kwanza kabla hujatembelea nalo. Mwambie fundi, akishafungua vifuniko vya juu, atazame vibomba vidogo vinavyomwagia oili kamshafti, yaani mihimili inayofungua valvu. Viungo vyake ni vya plastiki, vikiachia kamshafti inajisaga kimya kimya.

Sespensheni ya nyuma nayo. 560SEL nyingi zina ile inayojisawazisha, yenye mitungi miwili ya gesi. Mitungi ikifa gari linadunda nyuma kama pikapu tupu. Mafundi wengi wa huku huing'oa yote na kuweka springi na shokapu za kawaida. Gari litatembea, lakini siyo tena toleo unalolilipia, na kuirudisha ni ghali kuliko kubadilisha mitungi tangu mwanzo.

Uliza pia gari lilitoka soko gani. Afrika ya kusini mwa Sahara iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006. 560 yenye katalisti iliyoingia kabla ya hapo ilikunywa risasi hiyo, na katalisti yake ama imeziba ama imekatwa na bomba la kawaida kuchomelewa mahali pake. Lile lililotoka bila katalisti, kama zilivyokuwa nyingi za Uingereza, halina tatizo hilo na lina nguvu zaidi. Dalali hatakuambia tofauti hii, na inastahili kubadilisha bei.

Kuhusu 500SEL yenye kutu nitakuwa mkali. Hewa ya Mombasa ina chumvi, na W126 ya pwani huoza kutokea ndani. Ingia chini na tochi na bisibisi. Gonga sehemu nne za kuwekea jeki. Zikitoa sauti nzito ya mbao badala ya chuma, ndani kumekwisha. Inua zulia la mbele pande zote mbili. Fungua buti, ng'oa kapeti yake, utazame pembe za chini za kioo cha nyuma, kwa maana maji hupenya pale chini ya raba na kuteremka hadi kwenye buti bila mtu kuona. Tazama madigadi ya mbele kuzunguka taa, na nyuma ya zile plastiki za ubavuni, ambako uchafu wa miaka arobaini umekaa na chumvi yake. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, pale pana puti na siyo bati.

Injini nzuri kwenye bodi iliyooza haina faida kwako. V8 inaweza kufunguliwa na kufungwa na fundi mzuri, spea zake bado zinapatikana kwa kuagiza. Bodi iliyooza inataka mtu wa kukata na kuchomelea kwa miezi, na W126 si ghali kiasi cha kurudisha fedha hizo. Kama ingekuwa 6.9, ningekuambia uikokote hata ikiwa imelala kwenye mchanga. 500SEL ya 1983 nzima yaweza kupatikana ukisubiri. Iachie wanaotafuta injini na siti.

Imebaki 280SE ya mzee. Kwa idadi ndiyo ya kawaida kuliko zote: takriban 134,000, hakuna toleo la W126 lililotoka zaidi. Kwa mpangilio wa dalali inakaa mkiani. Kwangu mimi ndiyo ninayoitazama kwa hamu kubwa zaidi kati ya hizo tatu. Injini yake, inayoitwa M110, ina silinda sita na kamshafti mbili, na ilikuwa ikifanya kazi kwenye W116 na kwenye sedani za W123 kabla ya hapo, kwa hiyo mafundi wetu wameizoea mno. Inavuja oili hapa na pale, hilo ni la kawaida yake, na valvu zinataka kurekebishwa kwa wakati. Inapenda mizunguko ya juu, na ikiwa nzima ina utamu wake ambao V8 haina.

Kinachoitofautisha ni mzee mwenyewe. Mwenye gari mmoja tangu 1984, vitabu vyote, historia yake yote kwenye mji mmoja. Kwenye soko la magari ya zamani, W126 nyingi zimepita mikono isiyohesabika, na zilizobaki na mwenyewe wa kwanza ni chache mno. Ule ni uchache wa kweli, lakini hauandikwi nyuma ya buti. Utaukuta kwenye kitabu cha huduma chenye mihuri, kwenye redio ya Becker isiyong'olewa, kwenye funguo mbili za asili na mfuko wa vifaa uliokunjwa kama ulivyokunjwa Ujerumani.

Nilisema nitarudia Afrika Kusini. Mwaka 1990, Nelson Mandela alipotoka gerezani, wafanyakazi wa kiwanda cha Mercedes cha East London walimjengea W126 nyekundu kwa saa zao za ziada, na wakamkabidhi mwezi Julai kwenye uwanja wa Sisa Dukashe, Mdantsane. Ilikuwa 500SE, toleo la bodi fupi ambalo halikuwa hata la juu kwenye orodha. Leo iko kwenye Makumbusho ya Apartheid mjini Johannesburg. Hakuna mtu anayesimama mbele yake pale akauliza 500SE zilitoka ngapi. Kiwanda hicho kiliendelea kuzijenga W126 hadi 1994, miaka mitatu hivi baada ya Ujerumani kuhamia umbo jipya, kwa hiyo ukikutana na yenye ADB ya mwisho mwisho, usukani wa kulia na historia safi, isikilize kwa makini kuliko 560 yenye maneno mengi.

Ushauri wangu kwako, basi. Nenda kwa mzee kwanza, tena nenda asubuhi kabla injini haijawashwa, uisikie ikiamka baridi. Kagua kutu kwa namna niliyokueleza, maana gari la pwani ni gari la pwani hata likiwa na mwenyewe mmoja. Mwombe mzee akupe karatasi zote, hata risiti za matairi, na umuulize ni fundi gani amekuwa akiitunza. Fundi huyo ni sehemu ya gari. Usimbanie sana bei. Ukiikosa hiyo kwa kutaka kupunguza kidogo, utatumia miaka kuitafuta nyingine.

Ile 560 usiikatae moja kwa moja, ila ifanye isimame kwa miguu yake. Ikiwa ni 126039 yenye 2 baada yake, sespensheni ya asili, risiti ya cheni, na bodi isiyo na puti, inaweza kustahili bei ya mara moja na nusu ya 280 safi, na katika siku nzuri karibu mara mbili. Mara tatu ningelipa kwa 6.9, na ningelipa kwa ile BMW ya Rosslyn. Ukishapata picha ya namba ya chesi, niandikie tarakimu zile sita na ile moja inayofuata, pamoja na namba za kibati cha juu ya rejeta, nami nitakusomea gari hilo lilitoka kiwandani likiwa na nini.